Rudolf Diesel, mtu aliyeipa injini pumzi ya kupanda mlima

Kila lori linalosubiri foleni Malaba, Mutukula, Rusumo au Namanga limebeba jina la mtu ndani ya tangi lake. Watu husema dizeli kama wanavyosema chumvi au sabuni, na ni wachache wanaokumbuka kwamba hilo ni jina la ukoo wa mhandisi wa Kijerumani, Rudolf Diesel, aliyezaliwa Paris tarehe 18 Machi 1858 na kutoweka baharini usiku wa tarehe 29 Septemba 1913, akiwa na umri wa miaka 55.

Injini yake ya kwanza iliyofaulu kipimo mbele ya mashahidi haikufika hata nguvu za farasi 18. Bodaboda mbili za siisi 150 zikijumlishwa zinaipita kwa idadi ya farasi. Lakini kwa nguvu ya kuzungusha, ile ambayo mafundi huiita torki, injini hiyo ya mwaka 1897 inaiacha mbali Land Cruiser ya mizigo. Mfanyabiashara anayetaka kununua gari la kubebea bidhaa na akaonyeshwa karatasi yenye idadi ya farasi peke yake, hajaonyeshwa hata nusu ya habari.

Baba yake Rudolf, Theodor Diesel, alikuwa mtu wa Augsburg, kusini mwa Ujerumani, aliyehamia Paris na kujishughulisha na kazi za ngozi na kujalidi vitabu. Familia haikuwa na fedha. Mwaka 1870 vita vilipozuka kati ya Ufaransa na Prussia, Wajerumani waliokuwa Paris walilazimika kuondoka, na akina Diesel wakakimbilia London. Huko maisha yalizidi kuwa magumu, na Rudolf, mtoto wa miaka 12, akapelekwa Augsburg kuishi kwa ndugu wa familia. Mume wa nyumba hiyo, Christoph Barnickel, alikuwa mwalimu wa hisabati. Aliyetoka Paris kama mkimbizi akageuka kuwa mwanafunzi wa kwanza darasani, na baadaye akapata ufadhili wa kusoma katika chuo cha ufundi cha Munich.

Mwalimu aliyemwathiri zaidi chuoni alikuwa Carl von Linde, bingwa wa mashine za kugandisha barafu. Katika mihadhara ya Linde, Diesel alijifunza jambo ambalo halikumtoka tena akilini: injini ya mvuke, iliyokuwa ikiendesha viwanda, meli na treni za dunia nzima, ilipoteza karibu joto lote la makaa ya mawe. Katika kila magunia kumi ya makaa, kazi iliyofanyika ilikuwa ya gunia moja au pungufu. Mengine tisa yalikuwa moshi na joto la bure.

Mwaka 1879 aliugua homa ya matumbo na kukosa mtihani wa mwisho. Aliufanya Januari 1880 na kufaulu kwa alama za juu mno. Linde akampa kazi Paris katika biashara ya barafu. Mwaka 1883 alimwoa Martha Flasche, wakapata watoto watatu. Mchana aliuza na kutengeneza mashine za barafu, usiku alichora injini. Alijaribu kwanza injini ya mvuke wa amonia, ambayo ililipuka na kumlaza hospitali kwa muda mrefu.

Upepo unaowaka wenyewe

Wazo lake kubwa linaeleweka na yeyote aliyewahi kujaza upepo kwenye tairi la baiskeli. Pampu hupata moto, kwa kuwa hewa ikibanwa hupanda joto. Injini za petroli za wakati ule zilichanganya mafuta na hewa kwanza, kisha zikabana mchanganyiko huo na kuuwasha kwa cheche. Tatizo ni kwamba mchanganyiko ukibanwa sana huwaka kabla ya wakati. Kwa hiyo mbano ulikuwa mdogo, na mbano ukiwa mdogo, sehemu kubwa ya joto hupotea.

Diesel alitenganisha vitu viwili hivyo. Hewa ingeingia peke yake kwenye silinda na kubanwa mpaka ipate joto la kuwasha mafuta. Mafuta yangesubiri nje, kisha yapulizwe ndani dakika ya mwisho, pistoni ikiwa juu. Hakuna plagi, hakuna cheche. Yeyote anayedhani upulizaji wa mafuta ndani ya injini ulianza na magari ya kompyuta anapaswa kujua kwamba injini ya dizeli isingekuwepo kabisa bila upulizaji huo.

Aliomba hataza mwaka 1892 na kuchapisha kitabu cha nadharia yake mwaka 1893. Kiwanda cha mashine cha Augsburg, kilichokuwa chini ya Heinrich von Buz, kilikubali kujenga injini ya majaribio, na kampuni ya Krupp ikachangia fedha. Tarehe 10 Agosti 1893 injini ilijaribiwa. Mlipuko wa kwanza ndani ya silinda ulirarua kifaa cha kupimia mgandamizo na vipande vikaruka. Waliokuwepo walinusurika, na Diesel akapata alichotaka kujua: mafuta yaliwaka yenyewe.

Tarehe 17 Februari 1894 injini ilijiendesha yenyewe kwa mara ya kwanza, kwa dakika moja tu, mizunguko 88 kwa dakika. Inasimuliwa kwamba fundi aliyesimama karibu aliona mkanda uliokuwa ukiizungusha injini umelegea, maana yake sasa injini ndiyo iliyokuwa inavuta, akavua kofia bila kusema neno.

Farasi 18 na mpini wa mita moja

Ilichukua miaka mingine mitatu. Tarehe 17 Februari 1897, Profesa Moritz Schröter wa Munich alikuja Augsburg na vyombo vyake na kuipima injini mpya. Ilikuwa na silinda moja tu, yenye upana wa milimita 250 na mwendo wa pistoni wa milimita 400, karibu lita 20 ndani ya tundu moja. Ilitoa nguvu za farasi 17.8 kwa mizunguko 154 kwa dakika. Katika kila sehemu 100 za joto la mafuta, zaidi ya sehemu 26 ziligeuka kuwa kazi. Hakuna injini ya joto duniani iliyokuwa imefikia hapo.

Nguvu moja ya farasi, kwa kipimo cha Wajerumani, ni kuinua kilo 75 juu kwa mita moja ndani ya sekunde moja. Mpagazi anayenyanyua gunia la kilo 75 mpaka kwenye bodi ya lori kwa sekunde moja amefanya kazi ya farasi mmoja, kwa sekunde hiyo. Akichukua sekunde mbili, amefanya nusu farasi. Gunia ni lile lile na lori ni lile lile, ila mwendo umepungua. Nguvu za farasi, basi, ni kasi ya kufanya kazi.

Torki ni kitu kingine. Dereva anayefungua nati ya tairi iliyoganda huchomeka bomba kwenye spana ili mpini uwe mrefu. Akining'iniza kilo 10 kwenye ncha ya mpini wa mita moja, hiyo ni torki ya kilo-mita 10, hata kama nati haijasogea. Muda haumo katika hesabu hiyo.

Vitu hivi viwili vinaunganishwa na mizunguko. Chukua torki kwa kilo-mita, zidisha kwa mizunguko ya dakika moja, gawanya kwa 716, unapata nguvu za farasi. Ukigeuza hesabu hiyo kwa injini ya Diesel, inatoka torki ya kilo-mita 83, ambazo ni zaidi ya niutoni-mita 800 kwa vipimo vya leo. Ni kama mtu mzima mwenye kilo 83 aning'inie kwenye ncha ya mpini wa mita moja. Farasi walikuwa wachache kwa sababu injini ilizunguka polepole mno, mizunguko 154 tu.

Linganisha na magari yanayojulikana njiani. Injini ya 1HZ ya Toyota, dizeli ya lita 4.2 isiyo na turbo, iliyomo katika Land Cruiser nyingi za zamani, ina takriban farasi 130 kwa mizunguko 3,800. Torki yake ya juu kabisa ni niutoni-mita 285, yaani kilo-mita 29, na inapatikana chini, kwenye mizunguko 2,200. Probox ya zamani ya petroli ya lita 1.5, yenye upulizaji wa mafuta, ina farasi 109 kwa mizunguko 6,000, na torki ya kilo-mita 14 na kidogo kwa mizunguko 4,200.

Kwa farasi magari hayo yanakaribiana, 130 kwa 109. Sasa tazama yote mawili yakiwa kwenye mizunguko 2,200. Dizeli inatoa farasi 89 hapo hapo, theluthi mbili ya nguvu yake yote. Petroli haiwezi kufikisha hata 45. Farasi wake wengine wapo, lakini wanaishi juu, na kuwapata lazima injini ilie.

Anayesema torki ndiyo kila kitu naye anakosea. Gia huongeza torki kwenye magurudumu, ndiyo maana hata gari dogo huweza kupanda mlima mkali kwa gia ya kwanza. Kasi ya kupandia huamuliwa na nguvu za farasi zilizopo kwenye mizunguko ile injini inayozunguka wakati huo, si zile zilizoandikwa kwenye karatasi. Swali la kumwuliza muuzaji ni farasi hao wanapatikana kwenye mizunguko mingapi, na torki inakuwa juu wapi.

Katika mlima wa Kitonga au Sekenke tofauti hiyo husikika kwa masikio. Injini ya 1HZ ikianza kuzidiwa na mzigo na mizunguko ikashuka kutoka 3,800 kwenda 2,200, torki haishuki. Inapanda kutoka karibu kilo-mita 24.5 hadi 29. Injini inajikaza kadiri inavyolemewa. Ile ya petroli ikishuka chini ya 4,200, torki nayo huanza kupungua, na dereva asipowahi kurudisha gia, gari linazimika.

Kwa nini torki huanguka mizunguko ikizidi? Kwa sababu valvu hufunguka kwa muda mfupi zaidi, silinda haishibi hewa, na mafuta yasiyo na hewa ya kutosha hayafanyi kazi. Katika dizeli ya zamani moshi mweusi mzito ni dalili ya hilo. Fundi anayekaza skrubu ya pampu ili mafuta yaingie mengi anaweza kuongeza nguvu mpaka pale hewa inapotosha. Zaidi ya hapo mteja ananunua moshi na joto la kuharibu pistoni.

Fedha zilivyokuja na zilivyokwenda

Baada ya kipimo cha Schröter, wanunuzi walipiga hodi. Adolphus Busch, tajiri wa bia wa St. Louis, alilipa marki milioni moja mwaka 1897 kwa haki za Marekani. Emanuel Nobel alichukua haki za Urusi mwaka 1898. Mwaka huo huo Diesel aliuza haki zake zilizobaki kwa kampuni mpya iliyoundwa Augsburg, kwa marki milioni 3.5. Mtoto aliyekimbia Paris na familia yake sasa alikuwa milionea, akajenga jumba la fahari Munich.

Hapa ndipo mfanyabiashara atamwelewa kuliko mhandisi. Leseni ziliuzwa kabla bidhaa haijakomaa. Injini ya kwanza ya biashara ilikwenda mwaka 1898 katika kiwanda cha viberiti cha Kempten, ikasumbua. Wateja wengine walirudisha za kwao. Washindani walidai kwamba wazo si lake, na kesi za hataza zikamla muda na afya. Aliumwa kichwa mara kwa mara, akalazwa kwa uchovu wa akili. Fedha alizopata alizitumbukiza katika viwanja vya Munich na visima vya mafuta vya Galicia, mambo ambayo hakuyajua kama alivyojua silinda. Yote mawili yalimtia hasara.

Injini yenyewe iliendelea kupanda. Katika maonyesho ya dunia ya Paris mwaka 1900 ilipata tuzo kuu. Huko huko, injini ndogo mojawapo iliendeshwa kwa mafuta ya karanga kwa matakwa ya serikali ya Ufaransa, iliyofikiria makoloni yake ya Afrika, ambako karanga zilikuwa nyingi na makaa hakuna. Ilifanya kazi vizuri hata wageni wengi hawakutambua tofauti. Diesel alilirudia jambo hilo mwaka 1912, akiamini kwamba mafuta ya mimea yangekuja kuwa na thamani. Mwaka 1903 meli ya mafuta iitwayo Vandal ilianza kusafiri mto Volga kwa injini za dizeli. Mwaka 1912 meli Selandia ya Denmark ilisafiri hadi Bangkok bila bomba la moshi la kawaida na bila wachochea makaa.

Barabarani, hata hivyo, injini yake haikuingia. Upulizaji wa mafuta wa enzi hiyo ulitumia hewa iliyobanwa, na hewa hiyo ilihitaji kompresa kubwa iliyofungwa pembeni ya injini. Meli iliweza kuibeba. Lori halikuweza. Diesel alitaka tangu mwanzo kusukuma mafuta moja kwa moja bila hewa, lakini hapakuwa na pampu iliyotengenezwa kwa usahihi wa kutosha kupima tone dogo kiasi kile, mara nyingi kwa dakika, chini ya mgandamizo mkubwa.

Kufikia 1913 alikuwa amefilisika, ingawa majirani waliona jumba tu. Jioni ya tarehe 29 Septemba alipanda meli iitwayo Dresden huko Antwerp, akielekea Uingereza kwa mkutano wa kampuni ya injini. Alikula chakula cha usiku na wenzake, akaenda chumbani mwake mnamo saa 4 usiku, na kuagiza aamshwe saa 12 na robo asubuhi. Asubuhi kitanda kilikuwa hakijalaliwa. Kofia na koti lake vilikutwa sitahani. Siku kumi baadaye mashua ya Waholanzi iliona maiti baharini, mabaharia wakachukua vitu vya mfukoni na kuurudisha mwili majini. Mwanawe Eugen alivitambua vitu hivyo. Magazeti yalizua kila aina ya habari kuhusu wapelelezi na wafanyabiashara wa mafuta, lakini hesabu za benki zilizokutwa nyumbani hazikuwa na fumbo lolote: hapakuwa na kitu.

Miaka kumi baada ya kifo chake, mwaka 1923, kampuni ya Benz ilionyesha lori la dizeli lisilo na kompresa ya hewa. Lilitumia chumba kidogo cha awali cha kuwashia mafuta, ambacho kilibuniwa na Prosper L'Orange. Mwaka 1927 Robert Bosch wa Stuttgart alianza kutengeneza kwa wingi pampu ya kupuliza mafuta, ile aliyoikosa Diesel, na kuanzia hapo kiwanda chochote kiliweza kuinunua na kuifunga. Mwaka 1936 ikatoka Mercedes 260 D, gari dogo la abiria lenye dizeli ya lita 2.5 na farasi 45 kwa mizunguko 3,000. Farasi 45 ni wachache, na gari lilikuwa zito. Madereva wa teksi wa Ujerumani ndio walioligombea kwanza.